Kuijua Kampala: kwa gurudumu au kwa mguu?

Anayetaka kuijua Kampala mtaa kwa mtaa hupewa ushauri wa namna mbili, na kila mmoja unaupinga mwenzake. Wapo wanaosema: tafuta gari au boda, maana mji umetapakaa na njia za waenda kwa miguu hukatika bila taarifa. Wapo wanaosema: tembea, la sivyo utaishia kuona migongo ya magari kwenye jamu. Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba hakuna anayeanza na umbo la ardhi, nalo ndilo lenye uamuzi.

Sensa ya 2024 ilihesabu watu takriban milioni 1.8 ndani ya mipaka ya Kampala, na wengine kama milioni 3.4 katika wilaya ya Wakiso inayoizunguka. Nansana na Kira, miji ya Wakiso, kwa karatasi si Kampala, lakini wakazi wake wengi huja mjini kila asubuhi. Barabara kuu za Jinja, Entebbe, Masaka, Hoima, Bombo, Gayaza na Gaba zimetoka katikati kama vidole kwenye kiganja, na teksi, yaani zile gari za abiria 14 zenye mkanda wa mirabaraba ya buluu, hufuata vidole hivyo. Ukitoka Ntinda kwenda Muyenga kwa teksi, mara nyingi utaingia kwanza katikati ya mji na kubadilisha gari. Boda hukatiza mabondeni. Hapo mwenye gurudumu ameshinda.

Anashindwa pale mtaa wenyewe unapoanza, kwa sababu Kampala imegawanyika kwa juu na chini. Kololo iko kilimani, Kamwokya miguuni pake. Muyenga juu, Namuwongo bondeni. Makerere na Mulago zinatazamana, katikati yao Katanga. Gari hupita juu au hupita chini; mteremko wa katikati, ambako ukuta wenye seng'enge unageuka mabati na lami inageuka mfereji, ni wa miguu. Na mteremko huo una historia. Serikali ya kikoloni ilipima Nakasero na Kololo kwa viwanja vikubwa. Upande wa Mengo ulikuwa Kibuga, mji wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, kwenye ardhi ya mailo, yaani ardhi ya watu binafsi iliyotokana na mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza. Huko wenye ardhi walikata vipande kila mmoja kivyake, na vichochoro vingi vikabaki vyembamba kuliko gari. Sehemu kubwa ya Rubaga na Kawempe bado ina sura hiyo. Mtu aliyezunguka kwa gari tu hawezi kuielewa.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: gurudumu livushe kutoka kilima hadi kilima, miguu ishughulike na mteremko. Nusu siku inatosha kuujaribu. Anzia msikiti mkuu wa Old Kampala, ulipie kiingilio, upande mnara wenye ngazi zaidi ya 300. Ukiwa juu utaona vilima na barabara zote kama ramani. Teremka Kisenyi, panda hadi Lubiri, jumba la Kabaka huko Mengo, kisha fuata barabara ya Kabakanjagala, iliyonyooka kama uzi, hadi Bulange, jengo la bunge la Buganda. Katikati yake pana mzunguko wenye geti ambalo Kabaka peke yake hupita moja kwa moja. Malizia Namirembe.

Mambo huharibika kwa sababu zinazojulikana. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hujaza mabonde, Bwaise ikiwemo, na nauli hupanda papo hapo. Teksi ya stendi haiondoki mpaka ijae, basi mwenye haraka aipande njiani. Kushuka, mwambie konda "maaso awo", yaani hapo mbele, mapema, kabla hujafika. Boda, patana bei kabla ya kupanda, dai helmeti, taja alama inayojulikana badala ya jina la barabara, na uwe na noti ndogo, kwani chenji ya noti ya shilingi 50,000 huzua ugomvi. Unapovuka, tazama pande zote hata barabara ya upande mmoja: boda huja kinyume. Simu ikae mfukoni.

Lugha nayo ina mitaa yake. Kisenyi, kwenye Wasomali na wafanyabiashara wengi, Kiswahili kinapita vizuri; vilevile Kansanga kwa Wakongo, na kambi za polisi za Nsambya na Naguru. Kwingineko anza na salamu ya Kiganda. Wazee wengine bado wanakihusisha Kiswahili na amri za askari, na kumbukumbu hiyo inastahili heshima.

Hoja moja ya wenye magari hatuwezi kuipuuza: vilima hivi haviwahurumii wenye magoti mabovu, wajawazito, wala wanaotumia viti vya magurudumu, ambao njia zilizokatika huwafungia kabisa. Hao wakodi spesho, yaani gari la kukodi la peke yao, kwa saa, wapatane kabisa kuhusu muda wa kusubiri, na wamwombe dereva asimame Namirembe juu, karibu na kanisa kuu, ambako bonde lote la chini linaonekana bila kupanda ngazi.