Black Kettle hakuwa mjinga

Kila inapotajwa habari ya Black Kettle, chifu wa Wacheyenne wa kusini, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, hakosekani wa kusema: mzee yule alipumbazwa. Chifu gani anapandisha bendera ya watu wanaokuja kumuua?

Haya, tuanze na hiyo bendera. Alfajiri ya tarehe 29 Novemba 1864, pale Sand Creek, Colorado, askari karibu 700 wa Kanali John Chivington waliivamia kambi yake. Black Kettle akatundika kwenye mti mrefu bendera ya Marekani, aliyopewa na wakubwa wa serikali yenyewe, na chini yake kitambaa cheupe, huku akiwapazia sauti watu wake wasiogope. Miezi miwili tu nyuma alikuwa Denver, kwenye kikao kimoja na Gavana Evans wa Colorado na huyo huyo Chivington. Akaambiwa anayetaka amani aende kwa Meja Wynkoop, mkuu wa ngome ya jeshi ya Fort Lyon. Akaenda. Hata Sand Creek walipiga kambi kwa maelekezo ya maofisa wa Fort Lyon. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 230, wengi wanawake, watoto na wazee. Mkewe alipigwa risasi tisa. Usiku mume akarudi kumtafuta, akamkuta yu hai, akambeba mgongoni.

Sasa aliyetimiza kila alichoambiwa ndiye tunayemwita mjinga? Kapteni Silas Soule, wa jeshi hilo hilo, aliwakataza askari wake kufyatua risasi, kisha akatoa ushahidi dhidi ya mkubwa wake. Aprili 1865 aliuawa mtaani Denver. Chivington hakuwahi kushtakiwa.

Tunachosahau ni uchifu wenyewe. Wacheyenne walikuwa na baraza la machifu 44, na chifu wa amani alifundwa kuwa hata mwanawe akiuawa mbele ya hema lake, achukue kiko avute. Kwa hiyo amani kwa Black Kettle ilikuwa kazi aliyokabidhiwa; woga haukuwamo. Na chifu huyo hakuwa na rungu la kuwaamrisha vijana: wapiganaji walioitwa Dog Soldiers walikuwa na msimamo wao, na walimwambia wazi. Wazungu ndio waliotaka sahihi ya mmoja iwafunge wote. Sisi tuliofundishwa shuleni habari za Mangungo wa Msovero na Karl Peters mwaka 1884 tunaujua mchezo huo, ingawa na Mangungo naye tumemgeuza tusi.

Mkataba wa Fort Wise wa 1861 simtetei. Yeye na machifu wachache walitia sahihi, ardhi kubwa mno ikaenda, na wenzao wengi walisema hawakuwatuma.

Ila baada ya Sand Creek, nani angemlaumu kama angeshika bunduki? Alisaini tena 1865, na tena 1867 pale Medicine Lodge. Novemba 1868 akafunga safari hadi Fort Cobb kumwomba Jenerali Hazen hifadhi kwa watu wake. Hazen akamjibu kwamba hana mamlaka hayo. Akarudi kambini kwake, mto Washita, katikati ya baridi kali.

Alfajiri ya tarehe 27, Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, akafika na kikosi chake cha farasi. Black Kettle alipigwa risasi akijaribu kuvuka mto, na mkewe, yule wa risasi tisa, akafa pamoja naye. Walikuwa wamepanda farasi mmoja.