Nape hakutania

Klipu ya Bukoba imezunguka tena kwenye magrupu, na chini yake watu wazima wenye akili zao wanaandika yaleyale: jamani, alikuwa anatania. Imenikera.

Wote tunaikumbuka. Julai 2024, Nape Nnauye, waziri wa habari wakati huo, amesimama Bukoba akimpigia debe mbunge wa pale. Anasema matokeo ya kura si lazima yawe yale yaliyomo kwenye boksi, inategemea nani anahesabu na nani anatangaza. Akaongeza kwamba njia ziko nyingi, za halali, za nusu halali na za haramu, na ukishamaliza unamwomba Mungu msamaha. Kelele zilipozidi akaomba radhi, akasema ulikuwa utani. Mwezi haukuisha, uwaziri ukaondoka.

Angekuwa diwani aliyepanda jukwaani kwa mara ya kwanza, utetezi wa utani ningeupokea. Huyu maneno ndiyo kazi yake. Mwaka 2008 alipambana na wakubwa wa UVCCM, umoja wa vijana wa chama tawala CCM, juu ya mkataba wa jengo la umoja huo, na jina lake likaanza kujulikana nchi nzima kwa sababu aliweza kuusema mgogoro kwa lugha ambayo mtu wa kijiweni anaielewa. Mwaka 2010 akautaka ubunge wa Ubungo, Dar, akaangushwa kwenye kura za maoni za chama, na jimbo lenyewe likaenda kwa Mnyika wa CHADEMA, chama cha upinzani. Akapewa ukuu wa wilaya Masasi. Kisha Aprili 2011 Kikwete akamkabidhi kiti cha Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM, chama kikiwa kimejeruhiwa na kashfa za ufisadi za Richmond na EPA.

Kwenye kiti kile alikuwa fundi, lazima tukubali. Kaulimbiu ya kujivua gamba, yaani chama kujisafisha, ilisikika mpaka vilabuni. Alipozunguka mikoani na Kinana, katibu mkuu wa chama, wakilala vijijini na kushika majembe mbele ya kamera, wakawaita baadhi ya mawaziri wa serikali yao wenyewe mizigo, na chama tawala kikaonekana ndicho kinachoibana serikali. Wapinzani walikuwa wamejenga hoja zao kwa miaka, wakakuta mwenezi wa CCM amezibeba kwenye mkutano wa hadhara. Mtu wa namna hiyo hupima neno kabla halijatoka. Anajua lipi litakuwa kichwa cha habari kesho na lipi litaimbwa na vijana wa hamasa.

Mwaka 2015, kuelekea uchaguzi, ndiye aliyesema CCM itashinda hata kwa goli la mkono. Siku ile pia tuliambiwa tusiwe wagumu, ni lugha ya mpira. Miaka tisa baadaye, mkoa mwingine, cheo kingine, maana ni ileile: kura yako si neno la mwisho. Mimi siwezi kuuita utani. Ni wazo analolirudia.

Mtoto wa dada yangu amemaliza shahada ya uhusiano wa umma na anamtaja Nape kama mfano wake. "Mjomba, yule kapanda kwa mdomo tu," ananiambia, macho yanang'aa. Sina ugomvi na mtu kupanda kwa mdomo. Ninachomwambia ni kwamba kuna mpaka, na mtu akiuvuka akiwa bado na tabia za upande wa kwanza, wanaoumia ni wapiga kura. Mwenezi anakisemea chama mbele ya watu. Mbunge anawasemea watu mbele ya serikali. Ukitoka huku kwenda kule lazima ugeuke, uwape mgongo wale uliokuwa unawatazama usoni.

Na ushahidi wangu mkubwa wala si Bukoba. Ni Januari 2016.

Bernard Membe alikuwa ameiacha Mtama, jimbo letu la Lindi, baada ya miaka 15 ya ubunge, Nape akaigombea Oktoba 2015, akashinda, na Desemba akawa waziri wa habari. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 27 Januari, akasimama bungeni kutangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitaonyesha tena vikao moja kwa moja. Sababu ilikuwa gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake tutaandaliwa kipindi cha usiku, Leo katika Bunge, kilichorekodiwa na kuchaguliwa na wengine. Wapinzani wakagoma kukaa, na siku ileile polisi wakaingia ukumbini kuwatoa.

Bamdogo wangu ana mikorosho upande wa Nyangao, humohumo jimboni, na kiduka pembeni ya nyumba. Alikuwa na televisheni ndogo ya kichogo inayotumia betri ya sola. Bunge likiwa Dodoma, saa tatu asubuhi kipindi cha maswali na majibu kikianza, pale dukani ilikuwa kama kijiwe cha kazi. Mtu amekuja kununua sukari ya robo, anasimama na mfuko mkononi mpaka naibu waziri amalize kujibu kuhusu maji. Mzee mmoja alikuwa na daftari la shule lenye mistari, kwenye jalada kaandika AHADI. Anaandika jina la waziri, tarehe, na alichosema. Diwani akija kijijini, daftari linafunguliwa mbele yake. Hakuna mtu aliyewafundisha wale watu utawala bora. Walikuwa wanatazama na kukumbuka.

Hicho ndicho kilichozimwa. Tukaelezwa kwamba watu wanatakiwa kuwa kazini saa hizo, kana kwamba mkulima aliyeamka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu jua likiwa kali hajafanya kazi. Uamuzi ulikuwa wa serikali nzima, sawa. Lakini sauti iliyotutangazia ilikuwa ya mbunge wetu. Mwenezi anapenda watu wapate habari iliyokwisha kuandaliwa, na kwa chama hilo ni haki yake. Kulifanyia hivyo Bunge ni kumnyang'anya mwenye kura nafasi ya kumwona aliyemtuma akifanya kazi, au akisinzia.

Halafu njoo Juni 2018. Serikali inabadilisha sheria ili ushuru wa korosho zinazouzwa nje uende wote Mfuko Mkuu wa Hazina, pamoja na ile asilimia 65 iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, kununulia salfa na miche. Wabunge wa kusini wakasimama kuipinga, na Nape akiwamo. Aliongea vizuri, kwa uchungu, mbele ya serikali ya chama chake, kipindi ambacho kufanya hivyo hakukuwa jambo dogo. Kwangu ile ndiyo siku aliyokuwa mbunge hasa. Na bamdogo hakumwona. Alikuja kuletewa kipande kwenye simu ya mtu, dakika mbili, sauti inakatika. Siku mbunge wa Mtama alipoitetea Mtama kuliko siku zote, Mtama ilikuwa gizani, na giza hilo alilitangaza yeye.

Inaniuma kuandika hivyo kwa sababu najua alishalipa. Machi 2017 Makonda, mkuu wa mkoa wa Dar, alipoingia kituo cha utangazaji cha Clouds usiku na watu wenye silaha, Nape aliunda kamati, akaipokea ripoti yake hadharani, na siku iliyofuata akafukuzwa uwaziri. Alipotaka kuongea na waandishi pale hoteli ya Protea, jamaa mmoja aliyevaa kiraia akamchomolea bastola mchana kweupe. Akapanda akatokeza kwenye paa la gari akaongea. Ule ulikuwa ujasiri, na sitamdhulumu. Waliombakia siku ile ni waandishi wenye kalamu na kamera, walewale ambao miezi michache nyuma aliwapitishia Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ambayo Mahakama ya Afrika Mashariki ilikuja kusema mwaka 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka mkataba wa jumuiya.

Aliporudi uwaziri Januari 2022 alifungulia magazeti manne, Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, na mwaka uliofuata sheria ile ikalegezwa kidogo. Nampa hilo. Kidogo.

Kwenda Ikulu Septemba 2019 kumwomba radhi Rais Magufuli baada ya kuvuja sauti zile za simu alimosikika akimsema, hilo sina neno nalo. Kila mtu anajua zama zile zilikuwaje.

Ninachorudi nacho ni kura. Mwaka 2020 Mtama hakukuwa na karatasi ya ubunge. Mbunge alipita bila kupingwa, kama ilivyokuwa majimbo mengine mengi mwaka ule. Watu wa Nyangao walipanga foleni Oktoba 28 wakachagua rais na diwani, kwenye ubunge hawakuulizwa. Kwa hiyo mbunge huyu anaposema Bukoba kwamba boksi si lazima liamue, anawasemea watu ambao uchaguzi uliotangulia hawakupewa hata cha kutumbukiza kwenye hilo boksi. Bamdogo aliisikia klipu. Hakucheka. Aliuliza kama ni Nape kweli au wamemwigiza sauti.

Radhi ya Bukoba ilitolewa mtandaoni, kwa watu wa mtandaoni. Ningependa aitoe Nyangao, uwanjani, mchana, bila vijana wa hamasa na bila muziki, kisha akae kwenye kiti asikilize maswali mpaka yaishe. Na yule mzee wa daftari akiwa bado na nguvu za kutembea, apewe kipaza sauti wa kwanza.