McDowell, West Virginia: watu waliondoka, makaa bado yanatoka

Kila nikisoma makala za kaunti maskini za Marekani, McDowell ya West Virginia haikosi, na kila mara maelezo ni yale yale, kwamba makaa ya mawe yaliisha, kazi zikaisha, waliobaki wanakula misaada tu. Mimi hayo maelezo siyakubali hata kidogo, na namba za sensa zenyewe zinayakataa, shida ni kwamba watu wanaangalia namba ya kwanza na ya mwisho, za katikati wanaziruka.

Mwaka 1950 kaunti ilikuwa na watu 98,887. Sensa ya 2020 ilikuta watu 19,111. Yaani katika kila watu watano wanne hawapo tena. Mtu akiona hivyo anadhani moja kwa moja kwamba mgodi ulikauka. Sasa tazama hapo katikati: kufika 1970 watu walikuwa wameshashuka hadi 50,666, karibu nusu wameondoka ndani ya miaka 20, na miaka yote hiyo makaa yalikuwa yanachimbwa na treni zinapita zimejaa. Kilichokuja ni mashine. Mwaka huo huo wa 1950 John L. Lewis, rais wa chama cha wachimbaji cha UMWA, aliweka saini mkataba na wenye migodi, wachimbaji wapate mshahara mzuri na mfuko wa matibabu na pensheni, na chama kisizuie mashine. Mashine moja ya kukata na kupakia ikafanya kazi ya wanaume wengi wenye makoleo, kwa hiyo aliyebaki na kazi alilipwa vizuri kweli, na aliyekosa akafunga virago na familia yake kwenda Detroit, Cleveland, Chicago, kokote kwenye viwanda.

Halafu miaka ya 1970 mafuta yakapanda bei duniani, makaa yakatafutwa tena, na idadi ya watu ikasimama hapo hapo, 49,899 mwaka 1980. Ndo kikaja kipigo cha pili, viwanda vya chuma vya Marekani vikayumba. Kampuni ya chuma ya U.S. Steel ilikuwa na migodi yake kwenye mji wa Gary, hapo hapo McDowell, mji ambao hata jina ni la mwenyekiti wa kampuni, Elbert Gary, na 1986 ikafunga. Kufika 1990 kaunti ina watu 35,233. Na makaa yenyewe hayajaisha mpaka leo, makaa ya huko, yanayoitwa Pocahontas, ni ya daraja la juu ya kutengenezea chuma, bado yanachimbwa na mengine yanauzwa nje ya nchi. Kwa hiyo tukisema yaliisha tunamwondolea mtu fulani lawama bila sababu.

Halafu kuna hii picha ya kwamba milima ya Appalachia ni ya wazungu maskini peke yao. Si kweli, na McDowell ndo mfano mzuri. Reli ilipofika mwishoni mwa karne ya 19 makampuni yaliita watu kutoka kila upande, Waitaliano, Wahungaria, Wapolandi, na maelfu ya Wamarekani weusi kutoka Virginia, Carolina na Alabama, kwa sababu mgodini mweusi alilipwa kwa tani sawa na mzungu, kitu ambacho huko kusini kwenye mashamba ya pamba hakikuwepo. Kule Kimball, mji mwingine wa kaunti hiyo, kuna jengo la kumbukumbu ya askari weusi waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, lilifunguliwa 1928, na bado limesimama. Leo weusi wamebaki chini ya mmoja katika kila kumi. Mashine zilipokuja wao ndo walitangulia kupunguzwa.

Sasa hao waliobaki ni kina nani? Wengi ni wazee, na watu walioumia mgodini au wenye mapafu yaliyoharibiwa na vumbi, na watoto wanaolelewa na bibi na babu kwa sababu wazazi wameenda kutafuta kazi, au wako jela, au wamechukuliwa na vidonge vya maumivu. Mji mkuu wa kaunti, Welch, ulijenga jengo la ghorofa la kuegesha magari mwaka 1941, mali ya manispaa, wenyewe wanasema ndo la kwanza la namna hiyo Marekani nzima, maana siku za Jumamosi mitaa ilikuwa haipitiki kwa watu na magari. Barabara ni ile ile, maduka mengi yamefungwa.

Ndo maana nakasirika mtu anapotaja kwamba karibu nusu ya kipato cha kaunti kimetoka serikalini halafu anaishia hapo. Pensheni ya mtu aliyechimba makaa miaka 30 ni msaada? Malipo ya mapafu ni msaada? Kuponi za chakula zenyewe, zile tunazosikia zinasemwa vibaya, kwa mpango ulioendelea mpaka leo zilianzia Welch, Mei 1961, Rais Kennedy alipita kule akifanya kampeni mwaka uliotangulia akaona hali kwa macho yake, na wa kwanza kuzitumia kwenye mpango huo walikuwa familia moja yenye watu 15 ndani ya nyumba. Vijana wenye nguvu ukiwaondoa mahali popote, hata kwenye kaunti tajiri kuliko zote, hizo asilimia zitapanda tu.

Umri wa kuishi ndo unaouma zaidi. Watafiti walipopiga hesabu miaka ya 2010 wanaume wa McDowell walikuwa wanategemewa kufika kama miaka 64, wakati wa Fairfax, Virginia, mwendo wa gari wa siku moja tu, ni 82. Miaka 18!

2005 Walmart ilifungua duka Kimball, 2016 ikalifunga, zaidi ya watu mia moja wakakosa kazi na watu wengi wakabaki wanaendesha gari mbali kwenye kona za milima kutafuta mboga mbichi. Maji nayo, mabomba mengi yaliwekwa na makampuni ya makaa kwa ajili ya kambi za wafanyakazi wao, kampuni ikiondoka bomba linabaki linaoza, na utakuta watu wamesimamisha pikapu kando ya barabara wanajaza madumu kwenye maji yanayotoka mlimani, Marekani hii hii. Februari 2025 mafuriko yakapita tena, kama ya 2001 na 2002, watu wakafa na nyumba zikaondoka.

Jimbo linatoza kodi ya asilimia 5 kwa makaa ya aina ile yanapotoka ardhini, na sehemu kubwa inaingia mfuko wa jimbo kule Charleston, kaunti inapata kipande kidogo. Ardhi nayo kwa sehemu kubwa ni ya makampuni yasiyo ya pale. Mimi ningependa mabomba ya maji ya miji ya Keystone, Gary na Welch yalipwe kutoka kwenye hiyo kodi kwanza kabisa, kabla bajeti nyingine yoyote haijaigusa, yaani yalipwe na makampuni yaliyobeba tani zote zile tangu reli ifike.