Fundi, Lowanisha Kwanza

Ukipita Sinza, Tabata au Mbagala, Dar es Salaam, wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa Januari, chekechea utaisikia kabla hujaiona: msasa mkavu kwenye magrili ya madirisha. Fundi kajifunga kitambaa puani, vumbi la njano na jekundu linashukia bembea, na ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa: WATOTO, NAWENI MIKONO. Naam. Mkosaji ni mtoto wa miaka mitatu.

Rangi za mafuta za zamani, hasa njano, nyekundu na kijani zinazong'aa, nyingi zilitiwa madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Ile ya kwanza ya kuzuia kutu kwenye vyuma vya zamani ndiyo usiseme. Ikiwa imeshika vizuri, hatari yake ni ndogo. Ukiipiga msasa mkavu inakuwa unga unaolala kwenye mikeka, kwenye mchanga, kwenye midoli, na mtoto anayenyonya vidole anaula. Akimeza kiasi kilekile na mtu mzima, mwili wake unafyonza mara 4 hadi 5 zaidi.

Tupige hesabu. Damu yote ya mtoto wa miaka 2 ni kama lita moja, yaani desilita 10. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama, na mtoto akifika mikrogramu 5 kwa desilita (gramu moja ina mikrogramu milioni moja), chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kwa hiyo mikrogramu 50 tu ndani ya damu yake yote zinamfikisha hapo. Sasa, rangi inayoshauriwa leo isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni. Za zamani zinaweza kupita 10,000. Gramu moja ya rangi kama hiyo, ambayo haijai hata kijiko cha chai, ina mikrogramu 10,000. Sawa, si zote zitaingia kwenye damu. Lakini fundi hakwangui gramu moja.

"Madam, usihofu, ni vumbi tu, nikimaliza nafagia." Kufagia ndiko kunakolirusha tena!

Kazi yenyewe ifanywe hivi. Watoto na wajawazito waondoke mpaka usafi uishe, si kuhamia chumba cha pili. Mikeka, vitabu na midoli vitolewe. Tandika nailoni nzito sakafuni, mita 2 kutoka ukutani. Ukiwa nje, mita 3, na upepo wa baharini ukianza kuvuma, simamisha kazi. Ziba mlango kwa nailoni na selotepu. Kisha chupa ya kupulizia maji: lowanisha kipande kidogo, kwangua kwa msasa wa maji, lowanisha tena kabla hakijakauka. Grenda hapana. Kubabua rangi kwa moto hapana kabisa, maana risasi inapanda na mvuke na wa kwanza kuivuta ni fundi mwenyewe. Kitambaa puani hakimsaidii. Anahitaji barakoa yenye vichujio vya P100, vinavyonasa hata vumbi laini kabisa, akikosa kabisa basi N95. Nguo za kazi azibadilishe palepale, zifuliwe peke yake, asije akambeba mwanawe jioni akiwa nazo.

Na kama rangi haijabanduka, kwa nini uikwangue? Ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, paka juu yake rangi isiyo na risasi. Isipokuwa fremu za milango na madirisha zinazosuguana. Hapo itasagika tu.

Najua fundi atanuna. Analipwa kwa kazi, si kwa siku, na kulowanisha kunachelewesha, tena mtaa wenyewe unanunua maji kwa madumu. Ana hoja, nakubali shingo upande. Ndiyo maana maji, nailoni na siku ya ziada viandikwe kwenye makubaliano kabla hajapewa advansi, na avilipie mwenye shule. Mwenye shule anayepokea ada hawezi kuniambia nailoni ni ghali.

Rangi si chanzo pekee. Betri za gari zinazopasuliwa uani, chubwi za nyavu zinazoyeyushwa kwenye jiko la nyumbani, sufuria za vyuma chakavu, wanja usiojulikana umetengenezwa na nini anaopakwa kichanga: vyote vimo. Asiyeamini habari ya betri aulize Owino Uhuru, Mombasa, mtaa uliochafuliwa kwa risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, ambako mahakama mwaka 2020 iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Dagaa na mboga za majani humsaidia mtoto, kwa kuwa mwili uliopungukiwa chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi, ila havifuti vumbi. Wala usisubiri dalili. Wengi hawaonyeshi yoyote, ni kipimo cha damu tu kitakachosema.

Kazi ikiisha, kunja nailoni kwa ndani, ifunge ndani ya mfuko, usiichome. Piga deki kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, ukibadilisha maji kila chumba, na maji machafu yaende chooni, si kwenye bustani ya mchicha. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe kilicholoweshwa kwenye kizingiti cha kila dirisha. Kikitoka na uchafu, piga deki upya, hata kama wazazi wameshaambiwa shule inafunguliwa Jumatatu.