Bei mbili kwa kuku mmoja

Mama mdogo alifika kwangu Reading, hapa Uingereza, mwezi wa tano akitokea Tanga, na wiki mbili za mwanzo sikumwacha aende hata kununua mkate peke yake. Wiki ya tatu nilikuwa nimelala baada ya zamu ya usiku. Akafungua friji, akakuta maji na ndimu mbili. Akajitanda mtandio, akachukua pesa nilizokuwa nimemwekea mezani, akatembea hadi supamaketi ya kona. Nilipoamka kuku alikuwa jikoni anatokota, na risiti ameibana chini ya kopo la sukari, kama alivyokuwa akibana karatasi zake za hesabu kule gengeni.

Nikaisoma na kikombe cha chai mkononi, chai ikanipoea. Pauni 31 na peni 40. Kwa vitu vilevile, siku ileile, mimi ningelipa pauni 25 na peni 15. Mapaja ya kuku yamemzidi kwa pauni moja na robo, sabuni ya unga kwa mbili na nusu, siagi kwa peni 75, mafuta kwa moja na peni 75. Jumla pauni 6 na robo, ambazo ni zaidi ya shilingi elfu 20 za kwetu. Zimekwenda kwa sababu moja tu: hakuwa na kadi ya duka.

"Niliona bei mbili, mwanangu," akaniambia. "Moja imeandikwa kubwa, nyingine ndogo pembeni. Nikajua hiyo kubwa ndiyo bei."

"Hiyo kubwa ni ya wenye kadi, mama."

"Kadi ya benki?"

"Ya duka. Au uwe na programu yao kwenye simu."

Akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo limenifanya niandike haya yote: "Sasa mimi niliyewapelekea pesa mkononi nimewakosea nini?"

Mnaoishi huku mnanijua, sina ugomvi na kubana matumizi. Kadi ninazo nne na programu tano kwenye simu. Kuponi za kwenye barua pepe nazisoma kabla sijasoma za mwajiri wangu. Nikitoka kazini jioni napita kwenye rafu ya vibandiko vya njano, vya vitu vilivyopunguzwa bei, na nimewahi kujaza friza kwa nyama iliyopunguzwa nusu bei. Anayelea watoto watatu kwa mshahara wa kuhudumia wazee hana nafasi ya kudharau peni 40. Kwa hiyo sizungumzi kama mtu wa mbali.

Na nitakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba punguzo zenyewe nyingi ni za kweli. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ilichunguza bidhaa zipatazo 50,000 na mwezi Novemba 2024 ikasema kuwa asilimia 92 ya bei za kadi zilikuwa nafuu ya kweli ukilinganisha na bei ya kawaida ya dukani humo. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale waliodhani bei ya kawaida inapandishwa makusudi ili ya kadi ionekane ndogo. Kwa sehemu kubwa nilikosea. Lakini sikilizeni jambo hilo linamaanisha nini. Linamaanisha kwamba zile pauni 6 na robo za mama mdogo si maneno ya matangazo. Ni pesa halisi zilizotoka mkononi mwake.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Supamaketi za Tesco zilipotoa kadi yao, Clubcard, mwaka 1995, kadi ilikuwa ya pointi. Bei iliyoandikwa kwenye rafu ilikuwa ya kila aliyeingia mlangoni, na mwenye kadi alipata chake baadaye, kwa vocha. Mwaka 2019 ndipo kadi ikaingizwa kwenye bei yenyewe. Supamaketi za Sainsbury's zikafuata kwa kadi yao ya Nectar mwezi Aprili 2023, na mnakumbuka mwaka ule ulivyokuwa. Machi ya mwaka huohuo mfumuko wa bei za vyakula hapa ulikuwa umepita asilimia 19. Watu walikuwa wanarudisha vitu kaunta. Wakati huo hasa, ambapo kila mtu alihitaji bei ya chini kuliko wakati wowote niliowahi kuishi huku, bei ya chini ikawekwa nyuma ya kadi.

Kuna dada yetu mmoja, tuliyezungumza naye msibani wiki iliyopita, aliyenijibu nilipomsimulia haya kwamba hata nyumbani hakuna bei moja. Kwamba hata sokoni Mgandini, kule Tanga, kila mtu anaondoka na bei yake, kulingana na mdomo wake. Nililala na hoja hiyo siku mbili kwa sababu ni nzito. Nikaipeleka kwa mama mdogo, ambaye ameuza mchele na maharage Mgandini tangu mimi sijaanza shule.

Akaniambia hivi. Mteja akija humuangalii mdomo peke yake. Unamuangalia na hali yake. Akija bibi wa watu ameshika kijaluba na sarafu zake, unampimia na kumwongeza kiganja. Akija mama mjamzito, vilevile. Akija mtu ameshuka kwenye gari na miwani ya jua, huyo ndiye unayeanza naye juu. Na hata huyo akitaka kupatana, atapatana, kwa sababu wewe upo mbele yake na una masikio. "Mimi bei yangu ilikuwa inashuka kwa mnyonge," alisema. "Hii yenu inapanda."

Sijapata maneno yaliyo bora kuliko hayo. Bei ya kadi inamshushia yule mwenye simu janja, mwenye intaneti, mwenye barua pepe anayoikumbuka nywila yake, mwenye anwani ya kudumu, anayesoma Kiingereza cha maandishi madogo. Inampandia mgeni, mzee, aliyeingia nchini juzi na bado yuko hotelini na watoto akisubiri majibu ya ombi lake la hifadhi ya ukimbizi. Inampandia mtu ambaye simu yake imezima chaji akiwa kwenye foleni. Kwenye mashine ya kujilipia hakuna wa kumwambia "nipunguzie kidogo, dada yangu, leo nimepungukiwa". Inauliza kama una kadi. Ukisema huna, inaendelea.

Nina jirani, mzee wa Kiingereza aliyepita miaka 80, mkewe amefariki. Ana kitochi chenye vibonye vikubwa alichonunuliwa na binti yake. Mara moja moja namnunulia maziwa na mikate. Nilipomuuliza mbona hachukui kadi ya plastiki pale kwenye dawati la huduma, akasema aliwahi kuomba na akaambiwa ajisajili kwenye mtandao. Mtu aliyefanya kazi miaka 40 na kulipa kodi nchini mwake anazidishiwa bei ya siagi kwa kuwa hana barua pepe. CMA wenyewe waliandika kwamba maduka yaongeze juhudi kuwafikia wazee na wasio na simu janja. Juhudi gani? Hakuna juhudi inayohitajika. Bei ikiwa moja, kila mtu amefikiwa.

Mtu atasema: "Lakini kadi ni bure." Ni bure kwa shilingi, si kwa habari zako. Tesco wana kampuni yao, dunnhumby, ambayo kazi yake ni kusoma vikapu vya watu, na anayejua kikapu chako anajua umepata mimba, umeacha nyama, au mumeo ameondoka.

Kuhusu pointi sitasema mengi. Clubcard ni pointi moja kwa pauni moja dukani, na pointi 150 ndiyo vocha ya pauni moja na nusu. Tumia 150 upate moja na nusu. Chukueni, lakini msipange safari ya kuvuka mji kwa ajili yake. Kuponi ya "tumia 60 upunguziwe 6" nayo iacheni kama mlikuwa mnakwenda na orodha ya 35.

Kinachofaa kweli ni kusoma yale maandishi madogo ya bei kwa kilo, kwa sababu pakiti yenye kibandiko cha kadi mara nyingine inazidiwa na ya chapa ya duka iliyo rafu ya chini. Supamaketi za Aldi hazina kadi kabisa, bei yao ni ya wote, na ndiko mama mdogo anakokwenda siku hizi, akiwa na orodha yake na pesa taslimu. Mchele wa gunia, dengu na viungo tunachukua kwa Waasia wa Oxford Road, ambako yule baba wa kaunta sasa anamwita "auntie" na kumwekea bizari juu.

Ila jambo moja lilitokea Jumamosi iliyopita. Tulikuwa kwenye foleni ya ile supamaketi ya kona, mbele yetu kijana, nadhani mwanafunzi, na mayai, tambi, jibini na mkate. Keshia akamuuliza kadi, akatikisa kichwa. Mama mdogo akanigusa kiwiko: "Mpe yako huyo mtoto." Nikanyoosha simu, ikalia, jumla ikashuka pauni 2 na peni kadhaa. Kijana akashukuru mpaka akaona haya.

"Mtambo haujajua kuwa si yeye?" mama mdogo akauliza.

"Haujui, mama."

"Basi kuuza kwa bei hiyo wanaweza. Walikuwa wanaweza siku zote."

Nimemwandikia meneja wa tawi barua, ya karatasi, nikampa mkononi. Nimeomba kitu kimoja: kadi ya duka iwekwe kwenye kila kaunta, keshia aipitishe kwa kila asiye nayo, bila maswali. Amesema ataipeleka makao makuu. Mama mdogo anaondoka tarehe 28, na ameniambia anataka kusikia walichojibu kabla hajapanda ndege.