Tofali la Plastiki Limenishinda Bei

Mimi nina msingi Kivule. Sisemi nyumba, nasema msingi, maana umekaa pale mpaka majani yameuzoea na majirani wanafunga mbuzi kwenye nondo zangu. Kwa hiyo bei za tofali nazijua. Inchi tano, inchi sita, la mashine, la mkono lililofyatuliwa na kijana aliyebania saruji, niulize lolote. Sasa mtu mwenye maarifa hayo mwingize duka la midoli lenye kiyoyozi, mwonyeshe boksi la vitofali vya plastiki, halafu mtajie bei. Utamwokota.

Boksi lenyewe ukilitikisa, nusu ni hewa. Juu kuna picha ya kituo cha polisi, gari la polisi na mwizi anacheka. Nikapiga hesabu palepale: kwa hela ile nazungusha ukuta wa choo Kivule na mchanga unabaki. Tena choo cha mtu mzima, siyo cha mwizi mwenye kimo cha kidole. Dada wa dukani, kwa upole wa mtu anayelipwa kuwa mpole, akaniambia, "Hii ni orijino kaka, Lego yenyewe." Nikamwambia narudi. Hata yeye alijua sirudi.

Chanzo cha balaa lote hili ni mtoto wa shemeji yangu, Junior, anayetimiza miaka saba. Mwaliko ulirushwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, na chini yake mama mtu akaongeza mstari mmoja wa kuniua: "Junior anapenda Lego." Zamani mtoto alipenda biskuti. Siku hizi anapenda kampuni.

Nikashuka Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ambako kila kitu duniani kina pacha wake. Sikuzunguka sana. Kituo kilekile cha polisi, gari lilelile, mwizi yuleyule ila huyu wa Kongo ana jicho moja kubwa kuliko jingine. Jina la kwenye boksi limechezewa herufi, ukilisoma haraka haraka unapita tu. Bei? Unalipa, unapanda daladala, na chenji ya muhogo unayo. Nikamuuliza kijana, "Hii si feki hii?" Uso ukambadilika. "Bosi, mimi siuzi feki. Hii ni kopi. Grade A. Baba mmoja mama mmoja na ile ya kwenye AC."

Nikampigia Mama Amina kumpa habari njema. Kimya. Halafu: "Baba Amina, ukimpelekea mtoto wa mdogo wangu feki, uso wangu nitauweka wapi?" Hapo ndipo utajua zawadi ya mtoto siyo ya mtoto. Ni ya wale kina mama watano wanaokaa karibu na meza ya zawadi na kusoma maboksi kwa macho huku wanaongelea mambo mengine.

Nikasema sawa, lakini kabla sijakabwa, ngoja nimjue anayenikaba. Nikakaa na simu usiku. Kumbe mwenye Lego alikuwa fundi mwenzetu! Seremala, Ole Kirk Christiansen, wa kijiji cha Billund huko Denmark, alianza kutengeneza midoli ya mbao mwaka 1932, hali ngumu, kazi za nyumba hakuna. Huyo namwelewa kabisa. Baada ya vita akanunua mashine ya kumimina plastiki kutoka Uingereza, akapata na sampuli ya vitofali. Sasa sikiliza: vile vitofali vilikuwa vya Mwingereza, Hilary Fisher Page, aliyekuwa anaviuza kwa jina la Kiddicraft. Seremala akavirekebisha kidogo, na mwaka 1949 akatoa vyake.

Nikaruka kitandani. "Mama Amina! Orijino yenyewe ni kopi!"

Hata hakugeuka. "Kopi ya 1949 ni orijino. Kopi ya jana ni feki. Zima taa."

Haki yao niwape, hawakuishia kukopi. Vile vya mwanzo havikushikana vizuri, ndani vilikuwa tupu. Ndipo wakaweka vile vibomba vya ndani, na tarehe 28 Januari 1958 wakaomba hataza, yaani haki ya kuzuia wengine wasiuige ubunifu wao kwa muda. Kitofali cha mwaka ule ukikipata leo kinaingia kwenye kitofali cha leo, tap! Mimi tofali nililofyatua mwaka juzi halilingani na nililofyatua mwaka huu, na fundi ni yuleyule. Wanasema tena ukiwa na vitofali sita tu vya vinundu vinane, vya rangi moja, unaweza kuvipanga kwa namna 915,103,765. Asanteni sana. Nina watoto wawili ambao katuni moja ya kuangalia haijawahi kuwapatanisha, ninyi mnawaletea chaguo milioni mia tisa.

Hataza ilipoisha wengine wakaingia. Lego wakaenda mahakamani na Wakanada wenye Mega Bloks, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Kanada ikawaambia umbo la kitofali siyo la mtu mmoja milele. Ulaya nako, mwaka 2010, majaji wakasema hivyohivyo. Kwa hiyo anayetengeneza vitofali vinavyoingiliana na vya Lego, akaweka jina lake mwenyewe na boksi lake mwenyewe, ni mfanyabiashara halali, na mimi sina neno naye. Ila kuna wale wanaobeba mpaka picha na maandishi. Wa namna hiyo, waliojiita Lepin, polisi wa China waliwavamia mwaka 2019. Nikamkumbuka mwizi wa Kongo na jicho lake. Nikaelewa anacheka nini.

Hata hivyo boksi lile nilishalilipia, likaenda kwa wanangu. Jamani. Ukifungua, harufu inatoka kwanza, vitofali baadaye. Ramani imechapwa kwa wino ambao nyeusi, bluu na kijani iliyokolea ni rangi moja, na hatua ya tisa inafuatwa na ya kumi na moja. Vitofali vingine havishikani kabisa: feni ikizungusha kichwa upande ule, ukuta wa mahabusu unalala. Vingine vikishikana ndiyo ndoa ya Kikatoliki. Kimoja nilikitoa kwa meno, mtu mzima nimepiga magoti juu ya mkeka, na kikatoka na alama ya gego mpaka leo. Gari nalo lilikuja na magurudumu matatu. Mwanangu akaligeuza bajaji, akampakia mwizi, akamdai nauli. Wakacheza mpaka wakaitwa kula mara mbili. Sasa hapo mtu utalalamika kwa nani?

Lakini ya Junior ilikuwa bado. Nikafanya linalofanywa na kila Mtanzania akizidiwa na bei: nikaunda kamati. Tunachangia harusi, tunachangia misiba, tunachangia mpaka sendofu ya mtu tusiyemjua, Lego inatushindaje? Familia nne, mwenyekiti mimi, mweka hazina shemeji yangu wa kiume aliyewahi kufanya kazi benki. Ahadi zikaja haraka, hela zikaja kwa kukumbushwa. Mmoja alituma elfu tano na ujumbe wa sauti wa dakika nne. Tukanunua orijino, ya kwenye AC, na risiti.

Siku yenyewe Junior akachana karatasi, akachukua kitofali kimoja, akakwaruza kinundu chake kwa ukucha. Sikuwa najua, kumbe kila kinundu cha Lego kina jina limechongwa juu, dogo, ukitega kwenye mwanga unaliona. Mtoto wa miaka saba anakagua mzigo kushinda watu wa bandarini. "Baba mkubwa, ina jina!" Kina mama watano wakaacha walichokuwa wanaongea, wakatikisa vichwa. Mama Amina akakaa vizuri kwenye kiti.

Halafu Junior akaenda chumbani, akarudi na ndoo. Ndoo ya rangi, lita ishirini, imejaa vitofali vya Mtaa wa Kongo tangu azaliwe. Akamimina vya kwetu humo humo, vyote, akakoroga kwa mikono miwili. Mchango wa familia nne ukazama mbele ya wachangiaji. Mama yake yupo palepale anakata keki, hana habari.

Risiti ninayo bado. Na ukiitazama ile risiti, kisha ukajumlisha ahadi, kuna salio. Nimemuuliza mweka hazina kwenye grupu, mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili kwa jina lake kamili. Amenijibu kwa emoji ya keki.