Makyureta Wanne, Picha Moja Iliyolowa

Mwaka juzi nilipeleka picha mbili za rangi ya mafuta kwenye maonyesho yaliyofanyika katika nyumba ya kupanga huko Kilimani, Nairobi. Tangazo lilikuwa na majina ya makyureta wanne, yaani wapangaji wa maonyesho, wote wa kujitegemea, wasioajiriwa na galari wala makumbusho yoyote. Maonyesho yenyewe yalikuwa mazuri kuliko mengi niliyowahi kushiriki. Yalipofungwa, picha moja ilirudi na alama ya maji kuanzia kona ya chini hadi katikati. Nilimpigia simu wa kwanza, akasema usafiri ulikuwa kazi ya mwenzake. Mwenzake akasema yeye alishughulikia maandishi ya ukutani tu. Wa tatu alikuwa amesafiri. Wa nne alikuja studio, tukaitazama picha pamoja, na niliona kwamba ameumia kweli. Lakini hakuwa na fedha, wala idhini ya kuahidi lolote kwa niaba ya wenzake.

Tangu siku hiyo nimesikia wachoraji wenzangu wakisema afadhali kyureta mmoja mwenye jina moja. Naielewa hoja yao, ila siikubali yote.

Kyureta ndiye anayechagua kazi, anayeamua ipi itundikwe karibu na ipi, anayeandika maelezo, na hapa Nairobi ndiye pia anayetafuta ukumbi, mfadhili na pikapu. Ni nadra mtu mmoja kuyaweza yote hayo. Mmoja anawajua vijana wanaochora katika mitaa ya Mukuru na Kayole. Mwingine anajua kuandika ombi la ufadhili. Wa tatu ana shangazi mwenye nyumba isiyo na mpangaji. Wakiungana, maonyesho yanafanyika. Wakitengana, yanabaki maneno ya mezani.

Wanaotetea jicho la mtu mmoja wana hoja nzito, na nzito kuliko yote ni hii: wanne wakichagua kwa kukubaliana, picha inayopendwa sana na mmoja na kuwakera watatu huachwa nje. Inayobaki ukutani ni ile isiyomuudhi mtu. Nimetembea kwenye maonyesho ya namna hiyo, kila kazi ni nzuri kiasi, na hakuna hata moja iliyonifuata hadi nyumbani. Mwaka 1969 Harald Szeemann aliacha kuongoza jumba la maonyesho la Kunsthalle huko Bern, Uswisi, akaanza kufanya kazi ya kujitegemea, akiamini kwamba maonyesho yanaweza kubeba wazo la mtu mmoja kama kitabu kinavyobeba. Sura ya kyureta huru tunayoijua leo inatokana kwa sehemu kubwa na yeye.

Lakini tuulize jicho hilo moja limekuwa la nani katika jiji hili. Gallery Watatu ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wasanii watatu, ndiyo maana ya jina lake. Tangu miaka ya 1980 hadi alipofariki mwaka 1996, iliendeshwa na Ruth Schaffner. Alimsukuma mbele mchoraji Sane Wadu na wengine wengi ambao hawakupita chuo cha sanaa, na kwa hilo anastahili shukrani. Hata hivyo, kwa miaka hiyo yote ladha ya mwenye ukuta ilikuwa na uzito mkubwa mno katika kuamua nani aonekane na kwa mtindo gani.

Kisha kuna aibu ya Venice. Mwaka 2013 banda lililobeba jina la Kenya kwenye Biennale, maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya huko, lilisimamiwa na makyureta wa Italia, na wasanii wake wengi walikuwa Wachina. Mwaka 2015 orodha ya namna ileile ikatangazwa tena. Wasanii wa hapa walipiga kelele kwa pamoja hadi serikali ikalikana banda hilo. Mwaka 2017 na 2022 kazi ikakabidhiwa kyureta Jimmy Ogonga, na Wakenya kama Peterson Kamwathi, Syowia Kyambi na Kaloki Nyamai wakaonekana. Hapo jina moja lilifaa: palihitajika mtu wa kusema, huyu ndiye tuliyemtuma.

Kazi nyingine haiwezekani kabisa kwa mtu mmoja. Mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi yalionyesha Invisible Inventories, kuhusu vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo. Waliokaa meza moja walikuwa makundi ya wasanii The Nest Collective wa Nairobi na SHIFT, Makumbusho ya Taifa yenyewe na makumbusho mawili ya Ujerumani, ya Cologne na Frankfurt. Walikusanya kumbukumbu za vitu zaidi ya 32,000. Kilichonikaa moyoni ni makabati ya vioo yaliyoachwa matupu. Kabati tupu lina nguvu pale tu anayeshikilia kitu na anayekidai wanapokubali kulisimamisha pamoja.

Mwaka 2022 ulitupa mizani kamili. Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, ilikabidhiwa ruangrupa, kundi kutoka Jakarta, lililofanya kazi kwa mfano wa lumbung, ghala la mpunga la kijiji. Mlango huo wa ushirika ndio uliowapitisha wasanii wa kundi la Wajukuu Art Project wa Mukuru, walioufunika mlango wa jumba la Documenta Halle kwa mabati, wakatunukiwa tuzo ya Arnold Bode. The Nest walipanga marobota ya mitumba kwenye bustani ya Karlsaue, yakirudishwa kule yalikotoka. Nilijivuna. Lakini siku chache tu baada ya ufunguzi, bango kubwa la kundi la Taring Padi lilishushwa kwa sababu lilikuwa na michoro ya kuwadhalilisha Wayahudi, na kwa wiki nzima watu waliuliza nani alilikagua kabla halijapanda. Jibu lilizunguka kama simu zangu za Kilimani. Mwezi Julai mkurugenzi mkuu akaacha kazi.

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Nadhani shida ya kwetu iko zaidi kwenye daftari. Chama cha akina mama kumi kule Kangemi kina mweka hazina, katibu na katiba, na hakuna anayesema kwamba kimepoteza undugu kwa sababu hiyo. Kwa nini kundi la makyureta linalobeba kazi za watu za mamia ya maelfu ya shilingi liendeshwe kwa kuaminiana tu? Waamue pamoja wakipenda, lakini kila jambo liwe na mwenyewe: huyu anapokea na kurudisha kazi, huyu bima, huyu maandishi. Na kila mmoja awe na nafasi ya kuchagua kazi moja bila kupigiwa kura.

Na malipo nayo. Ada ya kyureta mmoja ikigawanywa kwa wanne, anayeweza kuendelea ni yule asiyelipa kodi ya nyumba. Wengine huchoka na kuondoka kimya, na mara nyingi hao ndio waliokuwa wanawajua vijana wa Mukuru.

Mwezi uliopita nilipata mwaliko wenye majina matatu. Niliwaandikia nikiuliza nani atasaini karatasi ya kupokea kazi. Walijibu jioni ileile: jina moja, na nakala ya bima. Nitapeleka picha Jumamosi.